Kabla Hujanunua Kitabu cha Mapishi, Uliza Kiliandikiwa Nani

Wasee, leo tuongee vitabu vya mapishi. Najua unachotaka kusema: nani bado ananunua kitabu cha mapishi na simu iko na kila kitu? Wengi sana. Pita katikati ya Nairobi jioni, pale vitabu vya mitumba vinatandazwa chini na wewe unainama kuchagua. Utapata vijana wamechuchumaa wakifungua vitabu vya upishi vya Uingereza na Marekani vilivyochapishwa kabla wao hawajazaliwa. Bei ni ya maelewano. Picha zinang'aa. Mtu anatoa pesa, anabeba, anaenda kejani, na mwezi ukiisha bado anakula mayai na mkate.

Shida si uvivu wake. Shida ni kwamba vitabu vingi havifundishi kupika. Vinakupa orodha ya viungo, vinakwambia kaanga hadi iive, halafu vinakuacha hapo na sufuria yako. Kama tayari unajua kupika, hayo maneno yanatosha. Kama hujui, umenunua picha za chakula.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sitaki pole, na hiyo si hadithi ya leo. Naitaja ju tangu hapo karibu kila kitu ninachojua nimejifunza bila mwalimu wa kusimama mbele yangu: kamera, kuhariri video, kujaza fomu za ushuru, na kupika. Mtu wa aina hiyo anakihitaji kitabu tofauti na mtu aliye na mama hapo jikoni wa kumwambia punguza moto. Kwa hivyo nilianza kufuatilia vile vitabu vinavyofundisha mbinu vilitoka wapi. Na enyewe, ukiisoma historia yake vizuri, utaona ni ugomvi mmoja mrefu: unamwandikia anayejua, ama asiyejua?

Anza na Warumi. Kuna mkusanyiko wa mapishi unaobeba jina la Apicius, uliowekwa pamoja kama karne ya 4 au ya 5. Vipimo humo ni nadra. Saga pilipili manga, weka majani haya, mimina mchuzi wa samaki waliochachishwa, ongeza siki, basi. Kiasi gani? Moto gani? Utajijua. Na aliyekuwa anaambiwa alijua kweli, kwa sababu alikuwa mpishi, mara nyingi mtumwa, mtu aliyekulia jikoni. Kitabu kilikuwa cha kumkumbusha, si cha kumfundisha.

Sasa ruka hadi Baghdad, mwaka wa 1226. Muhammad bin Hasan al-Baghdadi anaandika Kitab al-Tabikh. Huyu mzee nampenda. Anaanza kwa kuhesabu raha za dunia, anapata sita: chakula, kinywaji, mavazi, mapenzi, manukato na sauti. Halafu anasema kikubwa kuliko vyote ni chakula. Baada ya hapo anaingia kazini. Mafuta ya mkia wa kondoo yayeyushwe kwanza, nyama ikaangwe humo, povu litolewe. Na mwishoni, katika pishi baada ya pishi, anakwambia ufute kingo za sufuria kwa kitambaa safi, kisha uiache itulie juu ya moto kwa muda.

Hiyo ya kutulia ndiyo ilinishika. Mpe mtu wa Lamu ama Mombasa anayejua pilau hayo maelezo, atayatambua hapo hapo. Maji yakishakauka unapunguza moto, unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko, unaiacha ijimalizie. Kuacha chakula kitulie si kiungo. Huwezi kukinunua sokoni. Ni ufundi, na kuna mtu aliona umuhimu wa kuuandika karibu miaka 800 iliyopita. Vitabu vingapi vya juzi vina wali usio na huo mstari?

Waingereza walifika kwa hii maneno wakiwa na sababu nyingine kabisa. Hannah Glasse alitoa The Art of Cookery Made Plain and Easy mwaka wa 1747, na hakuficha lengo: anawaandikia watumishi, kwa lugha nyepesi, ili mama wa nyumba asisumbuke kuwaelekeza. Jina lake halikuwa hata kwenye jalada, iliandikwa tu kwamba ni cha mwanamke mmoja wa heshima. Kitabu kikauza sana, yeye akafilisika mwaka wa 1754. Watengeneza maudhui, mnaona hii hadithi si ya leo.

Anayestahili sifa zaidi katika Uingereza ni Eliza Acton, na wengi hawamjui. Alikuwa mshairi. Mwaka wa 1845 akatoa Modern Cookery for Private Families, akafanya kitu ambacho leo tunaona ni cha kawaida mpaka hatukioni: mwishoni mwa kila pishi aliorodhesha viungo na kiasi chake, na muda wa kupika. Kabla yake ulikuwa unasoma insha nzima, unafika katikati ndio unaambiwa kumbe ulihitaji mayai manane. Juu ya hiyo aliongeza maoni madogo madogo ya mtu aliyesimama pale jikoni: ukitaka hivi fanya vile, hii ikizidi itakuwa hivi. Na alikuwa na ucheshi. Humo ndani kuna pudini ya mwandishi maskini, na kuna pudini ya mchapishaji. Kisia ni gani ina lozi na vitamu vyote vya gharama.

Halafu akaja Isabella Beeton. Kitabu chake cha usimamizi wa nyumba kilitoka kama kitabu kizima mwaka wa 1861, yeye akiwa na miaka 25. Miaka 25! Mume wake alikuwa mchapishaji, yeye alikuwa anaandika kwa gazeti lao la wanawake, na wasomaji walikuwa wanatuma mapishi. Mengine aliyachukua kwa vitabu vya watu, na Acton alichukuliwa mengi. Orodha ya viungo akaihamisha kutoka mwisho wa pishi hadi mwanzo, na hapo ndipo imekaa mpaka leo. Mwaka wa kwanza nakala 60,000 ziliuzwa. Alifariki mwaka wa 1865 na miaka 28.

Simlaumu kwa kukusanya, sisi wote tunakusanya. Lakini ona tofauti. Acton alikuwa amepika, Beeton alikuwa amehariri. Beeton ndiye aliyeambia Waingereza karoti kubwa zichemshwe hadi saa 2 na robo. Saa mbili na robo, karoti. Mtu aliyesimama juu ya ile sufuria na uma mkononi angejua zimeiva zamani. Kitabu kinaweza kuwa kimepangwa vizuri kabisa, viungo juu, hatua chini, bei pembeni, na bado kisikufundishe chochote, kwa sababu mwenyewe hakuangalia ndani ya sufuria.

Huku kwetu hadithi ina uchungu wake. Mwaka wa 1928 wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walikusanya kitabu kikaitwa The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Jina lenyewe limekwambia kiliandikiwa nani. Kilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Sasa fikiria jikoni ya mzungu wa wakati huo. Anayesoma kitabu ni memsahibu. Anayeshika mwiko ni mwanamume Mwafrika, ambaye pengine aliingia pale akiwa mtoto wa jikoni, wa kuosha masufuria na kubeba kuni, akapanda pole pole hadi akaitwa mpishi. Kitabu kiko mkononi mwa mmoja, ufundi uko mkononi mwa mwingine. Yule mpishi alioka mkate kwa jiko la kuni lisilo na kipimajoto, akatoa keki ya Krismasi kwa watu ambao hangeketi nao mezani. Alijuaje moto umefika? Alijua. Na hakuna aliyemwuliza aandike.

Marekani kuna aliyeulizwa. Abby Fisher alizaliwa utumwani, akaishia San Francisco akitengeneza achari na kupikia matajiri. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka wa 1881 alisema kwa mdomo, wengine wakaandika, kikatoka kitabu: What Mrs. Fisher Knows About Old Southern Cooking. Utamu wake ni kwamba walioandika hawakuwa wanajua vyakula vyenyewe, kwa hivyo majina mengine yaliandikwa vile yalisikika tu. Jambalaya ikawa "jumberlie". Nacheka, halafu nakumbuka sisi hata hiyo ya kuandikwa vibaya hatukupata kwa wale wazee.

Fannie Farmer sasa, kwa sababu kila kikombe na kijiko unachokiona kwenye mapishi ya Kimarekani kina alama yake. Aliugua akiwa na miaka 16, mwili ukapooza, masomo yakakatikia hapo. Alikuja kuingia chuo cha upishi cha Boston akiwa kama miaka 30, akamaliza, akafika kukiongoza. Mwaka wa 1896 alitoa The Boston Cooking-School Cook Book. Mchapishaji hakuwa na imani, akamwambia alipie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Alilipa, na kwa kuwa alilipa, haki zikabaki kwake. Hapo mchapishaji alijipiga risasi ya mguu, ju kitabu kiliuza mamilioni.

Kabla ya Farmer watu waliandika siagi kiasi cha yai, ama unga kikombe, bila kusema kikombe cha nani. Yeye akasema kijiko kijazwe kisha kisawazishwe kwa kisu. Kwa mtu anayejifunza peke yake hiyo ni ukombozi. Hakuna tena ya kuambiwa "weka tu kiasi" na shangazi anayecheka.

Lakini vipimo navyo vina mtego, na sisi wa Nairobi tunapaswa kuujua kuliko wengine. Tuko kama mita 1,800 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, si 100. Yule wa Mombasa anapata zile 100 zake kamili. Kwa hivyo maharagwe yale yale, sufuria ile ile, yataiva mapema Mombasa na yatakusumbua Nairobi, na ukiwa Eldoret utangoja zaidi. Githeri haikai saa nyingi motoni kwa sababu mama zetu wanapenda kupoteza makaa. Ukiwa na kitabu cha London kinachokupa dakika peke yake, hizo dakika ni za London. Kitabu kinachokwambia ponda punje moja kati ya vidole, ikipondeka bila kiini kigumu imeiva, hicho kitafanya kazi Lamu na kitafanya kazi Nyahururu.

Kwa wapishi wa hoteli kulikuwa na Escoffier, Le Guide Culinaire, mwaka wa 1903, maelfu ya mapishi, mengine mistari mitatu tu. Ni kitabu kikubwa sana, na si chako bado. Kiliandikiwa mtu mwenye kofia nyeupe tayari. Ukikikuta kwa bei ya kutupa, nunua, weka, ukae nacho baadaye.

Kilichogeuza mambo ni cha 1961, Mastering the Art of French Cooking, cha Simone Beck, Louisette Bertholle na Julia Child. Child alijifunza kupika akiwa mtu mzima, Paris, na mtihani wake wa kwanza pale Le Cordon Bleu alianguka. Kitabu kilichukua karibu miaka kumi, mchapishaji mmoja akakikataa, mwingine akakichukua. Angalia vile kimepangwa: viungo viko kando ya hatua vinapotumika, si vyote juu. Na angalia inavyosemwa kuhusu nyama. Ikaushe kwanza, ukiikaanga ikiwa na maji haitabadilika rangi. Sababu imekaa ndani ya sentensi yenyewe. Umewahi kutoa nyama kwa bucha, ukaiosha, ukaitupa yote kwa sufuria pamoja ikaanza kuogelea? Haikaangiki, inachemka kwa maji yake. Mstari mmoja wa kitabu cha Wafaransa ungekuokoa, na nyama ni ya kwetu.

Jacques Pépin akaenda mbali zaidi. Aliacha shule na miaka 13 akaenda kuwa mwanafunzi wa jikoni Ufaransa, kazi ya kuangalia na kurudia. Baadaye Marekani alisoma hadi shahada ya uzamili, akapendekeza kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu historia ya chakula cha Ufaransa, chuo kikuu kikamwambia hiyo si mada ya maana. Mwaka wa 1974 alipata ajali mbaya ya gari, kusimama jikoni siku nzima kukawa shida, akageukia kufundisha. La Technique ilitoka mwaka wa 1976: picha juu ya picha za mikono. Si picha za sahani iliyopambwa, hapana. Mikono. Kisu kinashikwa hivi, kuku anatolewa mifupa hivi, kitunguu kinakatwa hivi. Ukinipa kitabu kimoja tu cha kumwachia mtu anayeanza maisha kwa bedsita, pengine ndicho hicho, hata kama nusu ya vyakula vyake hatapika milele.

Na kwa wale wa kuuliza kwa nini kwa nini, kuna Harold McGee, On Food and Cooking, mwaka wa 1984, ikaandikwa upya 2004. Mwaka wa 1847 mwanakemia Justus von Liebig alisema ukiichoma nyama nje kwanza unafunga maji yake yabaki ndani. Wapishi wakaimeza hiyo, vitabu vikainakili zaidi ya miaka mia. McGee akaonyesha si kweli: ile sauti ya kuchirizika unayosikia ni maji yenyewe yanatoka. Rangi ya kahawia ina faida, ndiyo, lakini faida yake ni ladha na harufu, lile jambo mwanakemia Maillard alilieleza mwaka wa 1912. Bado nasikia watu kwenye video wakisema wanafunga maji ndani. Bana.

Cha karibuni ni Salt, Fat, Acid, Heat cha Samin Nosrat, 2017. Nusu ya kwanza ni masomo, mapishi yanakuja nyuma, na badala ya picha kuna michoro. Chumvi, mafuta, uchachu, moto. Ukielewa hivyo vinne unaelewa kwa nini ndimu inawekwa kwa nyama choma, na kachumbari bila ndimu ni mboga zilizokatwa tu.

Sasa umeinama pale barabarani na vitabu vitatu mkononi. Usifungue kurasa za keki. Tafuta kitu ambacho tayari umewahi kupika, wali ama kitunguu cha kukaanga, usome hapo tu. Kinasema utaona nini, utasikia nini, itanuka vipi? Kinakupa sababu hata moja? Kinakwambia ufanye nini ikiharibika, maana itaharibika? Kama kitunguu kimepewa dakika tano na hakuna rangi iliyotajwa, rudisha chini. Kitunguu cha rangi ya dhahabu kwa dakika tano hakuna, hata kwa jiko la Ikulu. Kama picha zote ni za sahani na hakuna mkono hata mmoja, uliza bei ya kingine.

Kuna pia kitabu cha bure. Serikali yetu na FAO walitoa Kenya Food Recipes mwaka wa 2018, mapishi ya jamii mbalimbali jinsi zinavyopika, na uzito wa viungo. Lengo lake ni lishe, kwa hivyo usitarajie kikufundishe kusikiliza sufuria. Lakini pakua, ju mapishi yetu yenye gramu si kitu cha kudharau.

Ninachotaka mimi ni kile kingine. Kitabu cha Kiswahili chenye mikono ndani. Mkono unaosonga ugali, kwamba unaanza kugandamiza wapi na kugeuza vipi. Mkono unaosukuma chapati na ule unaoikunja, na kwa nini unga upumzike. Tui likamuliwe mara mbili, lile jepesi ndilo la kupikia, kasimele iingie mwisho moto ukiwa mdogo, ukoroge bila kuacha lisikatike. Na kama limekatika, ufanye nini. Wanaojua haya wako hai leo, wana miaka sitini, sabini. Wajukuu wao wako kwa bedsita Roysambu wanatafuta video.

Nimeanza na mama mmoja jirani, mtu wa Kilifi, ambaye amekubali nimsumbue Jumamosi. Nimenunua mizani ndogo. Kila akisema "kiasi", naomba amimine juu ya mizani kwanza. Mwanzoni alikasirika, siku hizi anashindana na mizani kuona kama konzi zake zinalingana. Wiki jana nilimwuliza anajuaje tui liko karibu kukatika. Akasema sufuria inabadilisha sauti. Nikazima redio, tukainama wote wawili tukaisikiliza, na kweli inabadilika. Video naiweka Ijumaa, tumia spika za masikio.